Mwalimu wa Ukutani

Tangu shule ipate projekta, kazi ya mwalimu wa hesabu ilikuwa kubonyeza rimoti na kukaa nyuma ya darasa kujitazama akifundisha. Walimrekodi mwaka uliopita, siku nne mfululizo, na shati lile lile la bluu, maana mwenye kamera alisema linampendeza. Siku hizi shati lenyewe hataki hata kuliona.

Cheo chake kipya ni msimamizi wa kifaa. Msimamizi haongei, na video haisimamishwi. Ikisimamishwa tu, simu ya mkuu wa shule inalia huko huko ofisini. Alishapewa onyo mara mbili: paka alipoingia darasani, na mtoto alipotapika. Mara ya tatu ni barua ya kuachishwa kazi, na nyumbani ana watoto watatu wanaokula kwelikweli.

Balaa lilikuwa somo la pembetatu. Kitako nane, kimo tano, eneo je? Mwalimu wa ukutani anajibu arobaini, kifua mbele. Siku ya kurekodi, wanafunzi walimrukia: "Nusu, mwalimu! Umesahau nusu!" Akacheka, akasema, "Asanteni, mmeniokoa," akaandika ishirini. Basi mafundi walipoisafisha video, wakaondoa kelele zote za wanafunzi, na masahihisho yakaondoka nazo. Mashine ya kusahihisha mitihani ikalishwa video hiyo hiyo. Mwalimu aliandika malalamiko mara mbili. Alijibiwa kwamba somo limeshaidhinishwa na mwalimu aliyelifundisha.

Kulikuwa na binti mmoja wakimwita Mbishi, alikuwa akibishana hata na kengele. Kila jaribio aliandika ishirini, kila jaribio mashine ikampa sifuri na kumwambia arudie somo. Alishalirudia mara nne.

Siku moja alimfuata mwalimu mlangoni. "Mwalimu, wewe wa ukutani unasema arobaini. Wewe wa hapa unasemaje?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Mimi ni msimamizi tu, mwanangu."

"Haya. Hata hivyo jana niliandika arobaini. Nimepata zote."

Alisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo mwalimu alipoumia. Mbishi ameacha kubisha! Usiku kucha roho haikutulia.

Kesho yake, kwenye marudio, arobaini ilipotajwa tu, akasimamisha video. Akakata karatasi ya nane kwa tano, kona hadi kona, akalaza kipande kimoja juu ya kingine. Vikalingana sawasawa.

"Nilikosea mimi," akasema. "Mbishi alikuwa sahihi."

Mkuu akaingia, simu bado inalia mkononi. "Mwalimu, umesimamisha."

"Nimesimamisha."

"Kuna paka?"

"Hakuna."

Mkuu akaandika kwenye daftari: hakuna paka.

Barua ilitoka Ijumaa. Jumatatu mwalimu akaja kurudisha rimoti, akakuta msimamizi mpya ameshapewa nyingine na mlango umefungwa. Akasimama kwenye korido, akajisikia mwenyewe, yule wa ukutani, akisema, "Eneo ni arobaini."

"Nusu!" sauti ya Mbishi ikatangulia, darasa zima likafuata. "Umesahau nusu, mwalimu!"

Video haikusimama. Simu ya mkuu haikulia, kwa kuwa hakuna aliyegusa kitu.

"Asanteni," mwalimu akauambia mlango. "Mmeniokoa."