Kisigino cha Raiya

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba birika la kutawadhia ndilo mwenyekiti wa kundi letu la darasani.

Sikushangaa. Jana darasani niliwagawia wanafunzi somo la udhu: kila mmoja kiungo chake, akisome, kisha awafundishe wenzake. Kumbe birika lilikuwa linasikiliza.

"Maalim Shamte," likaniambia, "sheria ni yako mwenyewe. Kiungo kisichofundishwa hakilowi."

Nikaona limesema haki. Nikajimwagia maji usoni. Yakateleza, uso ukabaki mkavu kama chaki. Makame, mwanafunzi niliyempa uso, akasimama.

"Uso, Maalim, ni kuanzia maoteo ya nywele hadi kidevuni, na sikio hadi sikio."

Papo hapo ndevu zikachuruzika maji.

Tunaendelea. Mikono, kichwa, masikio. Dawati nililokalia limekuwa ukuta wa msikiti, na hakuna anayeuliza. Ndani watu wameshapanga safu za adhuhuri. Jua limeegemea dirishani, linasema haliwezi kuichelewesha alasiri kwa ajili yangu.

Kimebaki kisigino cha kushoto. Hicho ni cha Raiya, msichana aliyehamia darasani kwetu tangu Ramadhani, na sauti yake sijapata kuisikia. Anatazama vidole vyake. Sala inanipita, nami naogopa kwelikweli.

"Kisigino," naanza mwenyewe, "ni sehemu ya..."

Birika linaniziba mdomo kwa kifuniko chake.

"Si chako hicho. Ndiyo kawaida yako: mtoto akikawia kidogo, wewe ushajibu."

"Na akinyamaza mpaka jua litue?" nauliza kupitia kifuniko.

"Utasali kadha, uilipe baadaye. Subira huvuta heri, Maalim. Si uliiandika mwenyewe ubaoni?"

Basi nangoja, mguu mmoja juu kama kuku kwenye mvua. Hakuna anayecheka. Makame anamsogelea.

"Raiya, sote tunakungoja wewe."

"Maalim," anasema hatimaye, polepole, "watu wana haraka. Kisigino kiko nyuma, ndiyo maana wanakisahau. Pitisha mkono."

Nikapitisha, nikaamka. Alfajiri ilikuwa imeingia. Miguu yote mikavu, ila kisigino cha kushoto kimelowa, na shuka chini yake pia. Nikajiambia ni jasho.

Asubuhi darasani zamu ikafika kwa Raiya. Nikamuuliza, nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikangoja. Akautazama kwanza mguu wangu.

"Kisigino kimekauka, Maalim?"