Kiti cha Kungojea

Swali moja tu liliishinda kompyuta ya depo yetu: ni mizigo gani ya Kilwa, kule ziwani, ambayo bado haijachukuliwa? Kwa mji wa Mitwaba jibu lilitoka papo hapo. Kwa Kilwa, dakika kumi na mbili.

Patron Mbusa, mwenye malori, aliniambia kwa upole kwamba hali isipobadilika kufikia Ijumaa tutarudi kwenye daftari, nami nitafute kazi kwingine. Sikumlaumu. Kazi hii ya kompyuta nilijifunza peke yangu, kwenye simu, katika chumba changu cha mtaa wa Hewa Bora.

Mama Chilufya, mwuza samaki wa Kilwa, alikuja kila Jumanne kuulizia mizigo yake. Nilikuwa nabonyeza, naye anaketi kwenye kiti kando ya meza yangu. Katika dakika zile aliniuliza nimekula nini, akanicheka kwa kusonga bukari, ugali wetu, wa mtu mmoja. Siku nyingine hakuna aliyeniuliza kitu kisichokuwa mzigo.

Jumatano niliiomba kompyuta inionyeshe njia inayochagua kabla ya kutafuta. Ilikadiria kwamba mizigo ya Kilwa ni tisa. Kwa hiyo ilichukua mmoja mmoja, na kwa kila mmoja ikasoma orodha ya waliochukua toka mwanzo hadi mwisho. Kwa mizigo tisa, hiyo ni njia nzuri. Ila mizigo ya Kilwa iliyokwisha kuandikishwa ilikuwa elfu arobaini. Hesabu yake ilikuwa ya mwaka ule tulipoanza kupeleka lori Kilwa, na aliyezima kuhesabu upya ni mimi: kompyuta ilikuwa inachelewa tukiandikisha mizigo, nikasema nitawasha kesho.

Niliiacha ihesabu upya, nikauliza tena. Safari hii ilisoma kila orodha, ya mizigo na ya waliochukua, mara moja tu, ikazilinganisha. Sekunde mbili. Nilirudia mara tano, halafu nikabaki nikitazama kiti.

Jumanne iliyofuata Mama Chilufya hakupata nafasi ya kuketi.

"Mama, muzigo yako iko. Rafu ya tatu."

"Tayari? Ile mashini yako leo ilipanda pikipiki?" Alicheka, akafunga kitenge vizuri. "Basi nitawahi lori. Bakia muzuri, mutoto yangu."

Nilitaka kumwambia nilichopika jana. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Mchana Patron Mbusa alikuja kunishukuru. Akakiona kile kiti, akauliza kama anaweza kukipeleka mbele ya depo, maana hapa hakuna tena anayengoja. Niliondoa mkoba wangu juu yake, nikamwachia.