Kigingi Kwenye Masale

Mwaka ule watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na kila mmoja akawa analinda ukingo wa kihamba chake, shamba la ukoo, kama mboni ya jicho. Ndiyo maana Mektrida alishtuka shemeji na jirani yake Basili alipomwita kwenye masale, ile mimea inayopandwa mpakani.

"Shemeji, hiki kijiti cha nani? Sasa mnanisogezea mpaka kisomi?"

Kilikuwa kigingi cha Zita, binti yake aliyekuwa bweni, kidato cha tano. Likizo ya Krismasi alichomeka viwili, kimoja hapo, kingine ng'ambo ya migomba, akapima kutoka kila kimoja pembe ya kuelekea msalaba wa kanisa la bonde la pili. Akajua umbali wake bila kulifikia, akamweleza mama yake:

"Mama, hivi ndivyo wanasayansi wanavyopima umbali wa mawingu zinamozaliwa nyota, kule kwenye mikono ya galaksi yetu. Wanatazama, wanangoja nusu mwaka dunia iwapeleke upande wa pili wa jua, wanatazama tena. Wingu likionekana limesogea kidogo, hapo wanapata umbali. Wakizidi kulifuata miaka, wanajua linaelekea wapi. Juni nitapima kanisa tena. Likibaki palepale, kipimo changu ni cha kuaminika. Tafadhali vigingi visiguswe."

Mektrida akakigusa. Shemeji alipoondoka tu, aliking'oa, akakichomeka ndani zaidi ya kihamba chake, chini ya mgomba, akafukia shimo kwa jembe. Ugomvi ukaisha. Zita akirudi nitamwambia, alijisemea.

Juni Zita akarudi. Migomba mingine ilikuwa imekatwa, mingine imeota, wala hakushtukia kitu. Akapima, akarudia, akarudia tena.

"Kanisa limehama!" kaka yake Fredy alicheka wakila. "Jumapili tukasali kule chini Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga!"

Zita hakucheka. "Kesho siendi kuonyesha kipimo hiki kwenye maonyesho ya sayansi. Kanisa tu limenishinda, nyota nitaziweza?"

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kufungua kinywa. Mektrida akakifungua, akasema, "Kula, mwanangu, mtori unapoa."

Maonyesho yakapita. Zita akasema akimaliza shule ataomba uhasibu, fizikia haina watu kama yeye. Tangu siku hiyo mama yake, kila akipita kwenye ule mgomba, aligeuza uso.

Mwishowe alikata jani la sale, akalifunga fundo kama wanavyofanya wanaoomba radhi, akampelekea mtoto wake kwa mikono miwili.

"Mama! Sale kwangu mimi? Umenikosea nini?"

Akamweleza.

Zita akauliza, "Siku ile tunakula, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Sale halikataliwi. Zita akalipokea, akasema, "Basi nionyeshe shimo la kwanza. Nipime upya."

Wakaenda mpakani. Mektrida akainama, akapapasa udongo. Jembe na mvua za masika vilikuwa vimesawazisha kila kitu.

"Lilikuwa hapa," alisema. Akasogea. "Au hapa, mwanangu. Labda hapa."

Zita alisimama nyuma yake na lile jani mkononi, akingoja.