Asimame

"Wazee wanakuomba usimame," nilimwambia Atuganile, bila kuinua macho kwenye kichwa nilichokuwa nasuka.

Yeye alikuwa kiti cha pili, anasuka pia. Akaachia msuko nusu. "Wee! Hata mzee Baudouin?"

"Hata yeye."

Jamani, machozi yalimtoka yule dada! Hapo ndipo nikashtuka. Baudouin, bwana yangu, mwanzilishi na rais wa chama chetu cha wahamiaji wa mtaa wa Albert Park, alinituma hivi: "Umuambie asimame. Asiendelee." Sisi Wakongo tukisema simama, gari inafunga breki. Atuganile ni Mtanzania wa Mbeya. Kwake yeye, anayesimama ni mgombea.

Na alikuwa anaongoza. Kwenye kura ya mchujo wa urais, huyu msusi aliyeingia chamani juzi tu aliwaacha mbali waliokianzisha. Wazee wakawa wanakutana kwetu ghorofa ya saba, wananong'ona kama kuna msiba. "Iko mugeni," walisema. "Chama iko ya kwetu." Mimi nilipika fufu, nikatoa sahani.

"Akikataa," Baudouin aliniambia, "na wewe salon imeisha. Utabakia hapa nyumba."

Salon ile ndiyo ilikuwa pumzi yangu. Nyumbani kulikuwa na vyuma dirishani, na yeye mlangoni.

Ningeweza kumsahihisha Atuganile palepale. Lakini nilimwona anavyojifuta macho kwa taulo la mteja, nikashindwa kumnyang'anya furaha ile. Na mimi nilifurahi, kusema ukweli. Leo nikisimulia watu wanacheka mpaka basi. Wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, ukumbini, akashika maikrofoni. "Namshukuru mzee Baudouin. Yeye mwenyewe ameniomba nisimame!"

Vigelegele vikalipuka. Baudouin angesema nini? Kwamba alimtuma mkewe amzuie? Alipiga makofi. Sijawahi kuona mtu akipiga makofi kwa uchungu vile.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia asimame, Papa. Neno lako lilelile."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Basi. Kesho haushuke."

Asubuhi akavuta kiti mpaka mlangoni, akaketi na chai yake. Mimi nikaenda dirishani, maana hakukuwa na pengine pa kwenda. Chini, Atuganile akatokea na mfuko wake wa nywele za kusukia, anatembea haraka. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, lakini barabara ilikuwa tupu, naye alikuwa anavuka tu. Eish, nikaona anakwenda zake bila mimi.

Nikabandika uso kwenye vyuma. "Atu! Simama!"

Akasimama. Akageuka, akawa ananitafuta juu.

"Uningoje hapo! Ninashuka!"

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinawekwa sakafuni. Nikachukua kitana changu, nikageuka kuelekea mlangoni.