Ndege Aliyesingiziwa Kuwa Baba

Tulimzika baba mwezi wa Septemba. Shangazi Rosaura alifika kutoka Guadalajara kesho yake, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani. Hakuwahi kumuaga kaka yake. Wiki hiyohiyo mvumaji wa kwanza, yule ndege mdogo ambaye kwetu husemwa hubeba roho za wafu, aliingia uani, na shangazi akatangaza kwamba baba amerudi.

Hongera kwa baba. Alituacha na kilo tisini na kitambi. Amerudi mwepesi kuliko sarafu ya peso, mgongo wa rangi ya kutu, koo likiwaka kama kaa kila akigeuka juani. Alikunywa maji matamu ya maua bila kutua, akielea hewani huku mabawa yakivuma. Alikuwa amepata na tabia mpya. Kichaka chetu cha maua mekundu kilikuwa chake peke yake. Alifukuza wavumaji wenzake, nyuki na vipepeo, na Jumapili moja akamfukuza kuku.

"Kaka anatulinda," shangazi alisema.

"Wifi," mama alijibu akigeuza tortilla, chapati ya mahindi, kikaangoni, "mume wangu alikuwa akiwapa mbwa wa jirani nyama ya sahani yangu. Huyu anamnyima nyuki."

"Kifo humbadilisha mtu."

"Naona. Kimembadilisha hadi rangi."

Shangazi hakujali. Aliweka kiti kando ya kichaka, akamsimulia ndege habari za Guadalajara majira yote ya baridi. Ndege, kwa adabu zake, alimrukia usoni kila aliposogea.

"Ananibusu."

"Mimi hakunibusu hivyo," mama alisema, "namshukuru Mungu."

Februari maua yalipungua. Wavumaji wale huenda kaskazini, mpaka nchi za theluji, kutaga mayai. Kila mtu kijijini anajua, hata shangazi. Lakini asubuhi moja alikwenda misa, na aliporudi kichaka kilikuwa kimya. Nyuki walikuwa wamekirithi.

Alikaa pale mpaka mchana. "Ameondoka tena bila kuniaga," alimwambia mama. "Mara ya pili, Otilia."

Nilisubiri mama amchome kwa maneno. Mama alifuta mikono, akakaa karibu naye.

"Yule alikuwa ndege, Rosaura. Nakuambia tangu zamani. Kaka yako Eleuterio angetokaje nyumba hii bila kukuuliza kama umekula?"

Shangazi alilia sana. Kisha akasema, kwa sauti ya kununa, kwamba kwa kweli hajala, na mama akaenda kupasha maharage.