Sifuri Mia na Kumi na Moja

Katika kliniki yetu hakuna anayepima presha kwa usahihi kunizidi, na nikisema hakuna, nawahesabu na madaktari. Nina cheti cha kidato cha nne, siku kumi za mafunzo, na masikio yanayosikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Dada yangu aliponichukua nimsaidie kwenye utafiti wake, nilimwambia ajihesabu ameshahitimu.

Dada alikuwa muuguzi miaka tisa kabla ya kurudi shule kusomea uzamivu. Swali lake ni jepesi hata mimi nalielewa: wagonjwa wa presha wanaomeza vidonge viwili kila siku, je, wakipewa dawa zilezile ndani ya kidonge kimoja, presha itashuka zaidi? Alitegemea tofauti ya pointi nne, labda tano. Nilimcheka. Yaani miaka yote hiyo ya vitabu kwa ajili ya pointi nne? Akanijibu kwamba pointi nne kwa maelfu ya watu ni makaburi mangapi hayachimbwi. 

Kazi yangu ilikuwa kumfunga mtu mkanda, kuujaza upepo kwa kile kimpira, halafu kusikiliza kwa stetoskopu huku mshale ukishuka kwenye kipimo cha duara. Mapigo yakianza kusikika, naandika namba. Mara tatu kwa kila mtu. Kwa wiki mbili nilipima watu arobaini, wote kabla hawajaanza dawa, ili baadaye ijulikane walianzia wapi. Dawa zenyewe zilipangwa kutolewa Jumatatu.

Alhamisi tukapeleka fomu kwa profesa anayemsimamia dada. Kwa siri namwita Mama Kwanini. Ukimwambia umemaliza hakupi hongera, anakuuliza umejuaje kama umemaliza. Ofisi yake ina viti vitatu na kimoja kimekaliwa na mafaili, kwa hiyo mimi nilisimama mlangoni kama askari, nikisubiri kusifiwa.

Alipekua fomu taratibu, akarudi nyuma, akapekua tena. Kisha akamwomba dada ahesabu tarakimu ya mwisho ya kila kipimo cha juu, yaani ile namba ya mapigo yanapoanza. Sababu hakuitaja. Dada akachukua karatasi, akaanza kuchora vistari. Kipimo chetu kimegawanywa mbilimbili, kwa hiyo namba inaweza kuishia na sifuri, mbili, nne, sita au nane, na kila moja ilitakiwa ipate kama ishirini na nne kati ya vipimo mia na ishirini. Kalamu ya dada ikawa inarudi palepale, palepale. Sifuri zilifika mia na kumi na moja.

"Hapa wamepimwa watu arobaini," profesa akauliza, "au amepimwa aliyeandika?"

Nikaeleza kwamba kipimo kimechoka. Profesa akakitoa kwenye mkoba wa dada, akanifunga mkanda mimi mwenyewe na kumpa dada stetoskopu. Mia moja kumi na sita, mara mbili mfululizo. Kipimo kilikuwa na afya njema kuliko hoja yangu. Basi nikasema ukweli: mshale ukiwa mia moja arobaini na sita nilipandisha hadi hamsini, ukiwa arobaini na nne nilishusha hadi arobaini. Niliona ni usafi wa mwandiko.

Dada hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mimi natafuta pointi nne, mdogo wangu," alisema. "Wewe umenipimia kwa kumikumi."

Ndipo nikajua nimefanya nini. Wiki iliyofuata kamati ingekaa kuamua kama utafiti uendelee. Bila vipimo vya mwanzo, watu arobaini wangetupwa, na kupata arobaini wengine wanaokidhi masharti kungemla mwaka mzima.

Dada akamwambia profesa kosa ni lake, kwani hakunikagua. Profesa akasema na yeye hakumkagua dada mpaka siku hiyo, kwa hiyo wagawane. Akatusimulia jinsi yeye akiwa mwanafunzi alivyoandika majina kwenye mirija sitini ya damu kwa wino uliofutika wote mirija ilipowekwa kwenye barafu. Msimamizi wake alimlazimisha aliandike kosa hilo kwenye tasnifu, na mpaka leo, alisema, huo ndio ukurasa pekee watu wanaomuulizia. Dada akacheka kidogo. Mimi nilipotaka kucheka pia, wote wawili wakanigeukia, nikaghairi.

Kisha profesa akamuuliza dada, "Sasa utafanyaje?" Nilitamani amwambie la kufanya. Hakumwambia. Dada aliitazama kalenda ukutani, akasema polepole kwamba dawa bado hazijaanza, kwa hiyo akiwaita wote kabla ya Jumatatu na kuwapima upya, mwanzo bado ni mwanzo. Na kwenye ripoti ataeleza kilichotupwa na kwa nini. Profesa akatikisa kichwa kukubali, akayahamishia yale mafaili chini ili na mimi nikae.

Ijumaa nilifundishwa upya kwa stetoskopu ya masikio manne, dada upande mmoja, mimi mwingine, mpaka tulipoafikiana mara ishirini mfululizo. Simu nilipiga mimi, na maneno ya kuomba radhi ninayo ya akiba. Jumamosi na Jumapili wakaja, mmoja baada ya mwingine, wengine wakinitania kwamba safari hii nivae miwani. Kufikia Jumapili alasiri walikuwa thelathini na tisa. Dada alikuwa anaimba chinichini nyuma ya pazia akipanga fomu. Vipimo vyangu vilipendeza: mbili, sita, nane, nne, mchanganyiko kama shanga.

Wa arobaini alikuwa mzee fundi seremala, mwenye penseli sikioni hata kliniki. Nikamfunga mkanda, nikasikiliza mara zote tatu, mshale ukashuka. Nikaandika, nikamwambia ametuhitimishia vizuri, na kwamba siku hizi sifuri na mimi hatusalimiani.

"Mjukuu wangu," akasema, akiinamia fomu. "Ulipokuwa unasikiliza mara ya mwisho umenong'ona mia moja na hamsini. Mbona umeandika mia moja arobaini na nane?"

Nyuma ya pazia kuimba kukakoma.

Nikasema ni karibu sana. Nikasema niliogopa sifuri zisije zikazidi tena, nilitaka zisionekane nyingi.

"Mimi nimesoma rula miaka arobaini," fundi akasema, huku anakunja mkono wa pili wa shati. "Ubao ukiwa hamsini kamili, ni hamsini. Mwite dada yako aje asikilize na yeye. Sina haraka."

Sikuhitaji kumwita. Pazia lilikuwa limeshafunguka.