Kichakataji cha Emna

"Mbili nukta moja." Emna aliitamka taratibu, kama anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, na maabara nzima ikapiga makofi. Mimi pia nilipiga, hadi viganja vikaniuma.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa Profesa Mongi, chuoni Tunis, kila mmoja akibuni kichakataji cha kompyuta ambacho hakijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Viliishi ndani ya programu ya kuigiza tu, na sekunde moja ya maisha yao ilitusubirisha siku kadhaa. Tulivipima kwa idadi ya maagizo vinayotekeleza katika kila pigo la saa yao, tukitaka kukishinda kichakataji cha zamani cha maabara. Changu kilifika moja nukta tisa. Na Profesa alikuwa na nafasi moja tu ya udaktari, huko Grenoble.

Nilimwonea Emna wivu, sina haja ya kulipamba neno. Nilimwonea wivu alivyokula lablabi yake, supu ya dengu, bila kuchungulia skrini, na Profesa alivyomwita "binti yangu" wakati mimi nilikuwa "wewe Lotfi". Nikamwomba faili za kichakataji chake, eti nijifunze. Akanipa papo hapo, na hilo nalo likanikera.

Nikaitupa kazi yangu pembeni, nikaichambua yake hadi nikapata nilichokitaka. Kichakataji chake kilikuwa na viini vinne vinavyogawana kazi. Kimoja kikiifunga data kwa kufuli, vingine vilisimama mlangoni vikiuliza: imefunguliwa? imefunguliwa? Kila swali lilihesabiwa kuwa agizo lililotekelezwa. Karibu nusu ya ile mbili nukta moja ilikuwa kubisha hodi. Siku hiyo nilikula kwa hamu.

Kwenye kikao cha Alhamisi nikayamwaga yote mbele ya Profesa, kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi.

"Ni kweli," Emna akasema. "Nimeliona juzi, nilikuwa nasubiri zamu yangu niseme. Nimepima upya, safari hii muda wa kumaliza kazi nzima. Bado kinakipita kile cha zamani, ila kwa kidogo." Akanigeukia, bila ubaya wowote. "Na chako je, kaka Lotfi? Si tunatumia kufuli ileile?"

Nilishughulika na chake hata sikukumbuka kukitazama changu.

"Nenda kapime," Profesa akasema, akafunga kompyuta yake.

Nikapima. Changu kilikuwa na shughuli nyingi kweli, na kilimaliza kazi baada ya kile cha zamani tulichotaka kukishinda.

Emna akaenda Grenoble. Kila Januari hunitumia picha ya theluji, nami humjibu vizuri. Kisha hufungua ukurasa wake wa chuo nione ameongeza nini. Naufunga, na chai haijapoa, naufungua tena.